Bibi wa Mstari wa Thelathini na Saba

Swali lilisomwa mara mbili, na mara zote mbili Clémentine alilisikia vilevile: je, anathibitisha kwamba mwanawe Eddy yumo melini pamoja na nyanya yake, aitwaye Glodie, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili?

"Albert," alisema, "weye unanichekesha, ao ile machine yako inaharibika?"

Albert, katekista wa parokia na bwana wa phonie, ile redio ya kuzungumza na miji ya mbali, alivua visikizio akavitundika shingoni. Alikuwa mtu wa makini, wa kunyoa kila siku hata katika mwaka ule ambao wembe mmoja ulizunguka nyumba tatu.

"Mama Eddy, sisemi ya kichwa yangu. Njo vile banaandika. Grand-mère. Kambo."

"Kambo iko ku nyumba! Nilimuacha sasa hivi anachagula maharagi. Iko na miaka makumi saba na moya, hata Kambove hawezi tena kufika. Ku bahari atafika na miguu gani?"

Kwa Kiswahili cha Katanga njo ni ndiyo, na kambo ni nyanya, mzazi wa mzazi, na kambo wa Eddy alikuwa mama yake Clémentine mwenyewe, bibi kizee aitwaye Marceline. Clémentine alianza kucheka, akaacha. Maana kama yule kijana wa melini alikuwa na nyanya wa miaka ishirini na miwili, basi huenda hakuwa Eddy. Huenda alikuwa mwizi wa jina tu, na Eddy wake alikuwa amelala mahali ambako hakuna anayeandika orodha.

Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na nne. Mwaka mmoja na ushei kabla ya hapo, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa katika mji huu wa Likasi. Walilala stesheni wiki baada ya wiki wakingoja treni, na Georges, mume wa Clémentine, alikuwa mmoja wao, ingawa alifanya kazi ya uchomeaji wa vyuma Panda, mtaa wao, tangu alipokuwa kijana wa kuota ndevu. Clémentine, mzaliwa wa Kambove, mji jirani, alibaki kumtunza mama yake. Eddy alimfuata baba yake. Naye Glodie, msichana wa barabara ya Kamatanda ambaye hakuna mtu aliyemfukuza, alirukia treni hiyohiyo kumfuata Eddy. Georges alikufa kwa kuhara kabla hajafika kwao. Vijana wakaendelea hadi Kinshasa, hadi Matadi, na baada ya hapo hakuna barua iliyofika.

Wiki moja kabla ya swali lile ndipo habari ya Eddy ilipokuja. Watu sitini na mmoja walitoka pwani katika boti ya mbao, injini ikafa, meli ya mizigo ikawaokota. Tangu siku hiyo ya kuokotwa serikali zilikuwa zikiandikiana. Moja ilisema watu ni wakimbizi kweli, lakini meli si yake. Ya pili ilikiri kwamba bendera ya meli ni yake, ila watu si wake. Ya tatu ilisema bandari ni yake, lakini imejaa, kana kwamba waliokuwa wakiomba nafasi walikuwa na nanga. Siku kumi na tisa mabwana wa tai walikunywa kahawa na kutafuta neno zuri la kusema hapana, huku nahodha akigawa maji kwa kikombe. Siku ya ishirini walikubaliana. Nchi moja ya kaskazini ingechukua familia. Nyingine ingechukua wanaume wenye ufundi mkononi. Bandari ingewaruhusu washuke kwa siku tatu tu, na kila mtu angeondoka kufuatana na mstari wake katika orodha.

Eddy na Glodie walikuwa mstari wa thelathini na saba. Mstari huo ndio uliokuwa na nyanya.

"Muulize jina ya baba yake," Clémentine alisema. "Muulize huyu kijana alama iko wapi ku mwili."

Albert akavaa visikizio, akabonyeza kitufe. Upande wa pili, Lubumbashi, alikuwapo Delphine, karani wa ofisi ya wakimbizi, msichana wa Kinshasa aliyejua Kilingala na Kifaransa, na Kiswahili alichojua ni cha kununulia nyanya, zile za kupikia. Walisemezana kwa Kifaransa, kila mmoja akimaliza kwa "à vous" ili mwenzake aanze. Baba: Georges, marehemu. Alama: kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto. Clémentine akaketi kwenye benchi pu. Lile kovu alilijua tangu siku Eddy alipochezea pasi ya mkaa.

"Njo yeye," alisema. "Njo mutoto yangu. Sasa ile kambo inatoka wapi?"

Delphine akaeleza, na Albert akawa anageuza polepole. Orodha ya kwanza iliandikwa melini, kabla wajumbe hawajafika. Nahodha hakujua Kifaransa. Lakini mpishi wa meli alikuwa mtu wa Unguja, na aliposikia kijana anaongea Kiswahili alifurahi mno, akajitolea kumfasiria. Baadaye wajumbe walipofika na mfasiri wa Kifaransa, Eddy alisema jambo jingine kabisa: kwamba Glodie ni mke wake. Wajumbe wakatazamana. Jana nyanya, leo mke, na leo ndiyo siku iliyotangazwa kwamba familia zinachukuliwa. Mmoja wao akaandika alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu nyekundu.

"Na Eddy alimuambia nini ule mupishi?" Clémentine aliuliza. "Muulize neno yenyewe."

Delphine alipekua karatasi, zikasikika zikichakacha hewani. Mpishi alikuwa ameandika maneno ya Kiswahili kwa penseli kando ya tafsiri. Akayasoma kwa shida, kama mtu anayetembea juu ya mawe: "U-yu i-ko bi-bi ya-ngu."

Clémentine alimtazama Albert. Hakuona kosa. Kosa liko wapi? Huyu ni bibi yangu. Hata mtoto wa Likasi anaelewa kwamba huyo ni mke.

Lakini Albert alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, mabega yakitikisika. Kabla ya ukatekista alikuwa karani wa bandari huko Kalemie, na zaidi ya mara moja alivuka ziwa kwenda Kigoma.

"Mama Eddy, sikia. Kwetu bibi ni muke. Kwabo kule, bibi ni kambo! Minye ile mwaka ya kwanza nilifika Kigoma, nikaambia mwenye kulalisha bageni: nina huzuni, bibi yangu anabakia peke yake. Ule mama akanipa pole, akaniuliza kama iko anatembea bado, ao iko analala tu ku kitanda. Nikasema, mama, juzi alikuwa anacheza ku ndoa! Akashangaa kabisa!"

Basi wakacheka. Wewe wa Mombasa au wa Unguja cheka pia, ni haki yako, ila kumbuka kwamba yule mpishi hakukosea hata herufi moja, na Eddy naye hakukosea. Clémentine alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na alipokuwa anajifuta alijua kwamba machozi yenyewe si ya kicheko. Eddy yuko hai. Alirudia moyoni: yuko hai, ana kovu lake, ana mke.

Albert akamweleza Delphine kwa Kifaransa kirefu, na mara hii Delphine naye alicheka. Halafu akaacha.

"Naamini," alisema. "Wao hawataamini. Mama wa kijana hawezi kuwa shahidi peke yake, watasema anamtetea mwanawe. Wanataka wazazi wa msichana. Waseme wenyewe, kwa sauti yao, kabla ya saa tano kesho asubuhi. Saa sita wanatia saini."

"Na kama hawakuje?" Clémentine aliuliza.

"Kijana ni mchomeaji kama baba yake. Ataenda na wanaume wenye ufundi. Msichana peke yake hana nchi iliyomkubali. Atarudishwa kule boti ilikotoka. À vous."

Kicheko kiliisha hapo. Maana mzazi wa msichana alikuwa Gaston.

Gaston alikuwa fundi wa mitambo, mtu mrefu, mkavu wa maneno. Hakumtupia Mkasai yeyote jiwe, hilo Clémentine alimpa haki yake. Lakini binti yake alipopanda ile treni alifunga mlango na kuwatangazia majirani kwamba mtoto amekufa. Wanawake wawili waliothubutu kuuliza habari za Glodie walitolewa uani kama kuku. Tangu wakati huo yeye na Clémentine walipokutana sokoni mmoja alivuka njia.

Alikwenda hata hivyo, kwa miguu, jua likiwa utosini na vumbi la kiangazi likimpanda hadi magotini. Njiani alipanga hotuba nzuri ya upatanisho, yenye salamu na mzunguko. Alipomwona Gaston ameketi nje akinoa panga, hotuba yote ilimpotea.

"Baba Glodie," alisema, "Glodie iko muzima."

Panga lilianguka. Nyuma ya pazia la mlango kitu kingine kilianguka pia, sufuria pengine, na Julie, mkewe Gaston, akatoka mikono ikiwa imejaa unga. Alisimama tu, akimtazama Clémentine mdomoni.

Clémentine akawaeleza yote, boti, meli, serikali na orodha. Alipofika kwenye nyanya, Julie alitoa kicheko kidogo chenye kwikwi ndani yake. Gaston hakucheka.

"Bibi," alisema. "Bibi ya nani? Nani alikuya hapa kuuliza? Nani alinipigia hodi? Ule mutoto alipanda mu train hata kuniaga hapana. Minye nitaenda ku radio niseme buongo, inchi yote inasikia?"

"Si buongo. Beko pamoja mwaka muzima."

"Kukaa pamoja haiko ndoa, Mama Eddy. Weye unajua. Weye ni muntu ya Kambove, unajua muzuri kabisa."

Na kweli alijua, hapo ndipo kisu kilipokuwa. Kwa watu wa upande ule, msichana huwa mke siku nyumba yao inapopika chakula, kukifunika, na kukipeleka nyumbani kwa kijana. Huitwa matebeto. Mkubwa wa nyumba ya kijana akifunua chungu na kula, jambo limekwisha, hata padri akichelewa mwaka mzima. Bila chungu, Gaston angesema neno ambalo yeye mwenyewe hakuliamini, na Gaston hakuwa mtu wa kusema neno la namna hiyo. Clémentine alimkasirikia, akatamani kumtikisa kwa mabega, lakini hakuweza kumdharau.

"Basi pika," alisema.

"Nini?"

"Minye siwezi kukupikia, ni kazi ya nyumba yenu. Pikeni. Leteni asubui ku Panda. Kambo atafungula. Nyuma ya pale utasema kweli, na inchi yote isikie."

Gaston alifungua kinywa. Kuku hakuna, alisema. Mafuta hakuna. Mtu hawezi kufanya matebeto kwa dagaa, ni aibu. Chungu cha namna hiyo hubebwa na wanawake kumi, wanaimba, na yeye ana mke mmoja mwenye baridi yabisi. Aliendelea hivyo kwa muda, akihesabu kila kilichokosekana, na ndipo alipogundua kwamba anayezungumza ni yeye peke yake. Julie alikuwa amekwisha ingia ndani. Walimsikia akivunja kuni.

Asubuhi, baridi ya Julai ikiwa bado inauma masikio, walifika Panda. Julie alitangulia na sufuria kichwani, imefungwa kwa kitenge kilichofuliwa. Majirani wawili wa Kamatanda walimfuata wakiimba kwa sauti ndogo, kwa sababu hawakuwa na hakika kama hii ni sherehe au ni msiba. Gaston alikuja mwisho, amevaa koti la Jumapili.

Kambo Marceline alikuwa ameketi kwenye mkeka tangu alfajiri, amepaka mafuta miguu yake. Tangu jana alikuwa akiwasimulia watu wote wa mtaa jinsi alivyo melini.

"Karibuni," alisema. "Munanikuta kwa bahati. Nilitoka ku bahari sasa hivi, ata ngozi haiyakauka."

Hata Gaston alitabasamu, akaficha kwa kukohoa. Sufuria ikatuliwa. Ndani mlikuwa na bukari, ule ugali mgumu wa Katanga, na dagaa waliopikwa na nyanya, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila tone la mafuta. Marceline alinawa, akamega tonge, akalichovya na kulila taratibu huku watu wote wakimtazama taya. Akamega la pili. Clémentine alitazama jua, akamwomba Mungu kimyakimya ampe mama yake haraka kidogo, siku hii moja tu.

"Muchumvi iko kiloko, haitoshi," kizee alitangaza. "Lakini muke ni muke. Tumemupokea."

Julie akapiga kigelegele, na wale majirani wawili sasa wakajua ni sherehe.

Walifika parokiani saa nne na dakika arobaini. Albert alikuwa amesimama mlangoni, shati limemganda mgongoni ingawa kulikuwa na baridi. Akamketisha Gaston mbele ya phonie, akamwonyesha kitufe: bonyeza ukisema, achia ukisikia. Delphine akauliza jina lake. Akauliza kazi yake. Kisha akauliza, kwa Kifaransa cha pole pole, Glodie ni nani kwa Eddy.

Gaston alibonyeza kitufe kwa dole gumba hadi kucha ikawa nyeupe.

"Bibi yake," alisema.

"Muke! Sema muke!" Albert alipiga kelele. "Épouse! Femme! Ma fille est sa femme!"

"Sa femme," Gaston alirudia, wazi kama anayeapa. "Bibi yake ya ndoa. Chakula ilipikwa, na nyumba yabo ilikula. Minye baba yake njo ninasema."

Ndoa ilifanyika lini, Delphine aliuliza. Albert alilitafsiri swali. Gaston alimtazama Clémentine, na Clémentine akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza tangu ile treni hawakukwepana.

"Sherehe ya jamaa zote mbili imekamilika," Clémentine alisema. "Andika vile. Ni kweli tupu."

Albert akatafsiri, na Delphine hakuuliza tena.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Saa tano. Saa sita. Mahali fulani, katika chumba chenye feni, watu ambao hawatawahi kuiona Likasi walikuwa wanapitisha kalamu juu ya mstari wa thelathini na saba. Julie alisali rozari nzima, akaanza nyingine. Clémentine hakuweza kusali. Alihesabu matofali ya ukuta, akayapoteza, akaanza upya. Gaston aliketi palepale mbele ya phonie, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke kwenye kiti.

Saa saba na robo redio ilikoroma. Delphine hakuanza na salamu.

"Wamesaini. Mstari wa thelathini na saba, mume na mke. Wanashuka leo, wanaondoka pamoja Jumamosi. Pamoja, mama, umesikia? À vous."

Clémentine alisikia. Alishusha pumzi ndefu ambayo, alivyoona yeye, alikuwa ameibana tangu siku ya stesheni. Akamkumbatia Julie, wote wawili wakilia na kuchekana kwa jinsi wanavyolia. Albert alijifanya anatengeneza waya.

Delphine akaongeza kwamba wazazi wanaweza kutuma ujumbe, maneno machache tu, naye atayapeleka. Clémentine alitoa yake haraka: mama yuko salama, kambo yuko salama, mle, mwandike. Kisha ikawa zamu ya Gaston.

Akabonyeza kitufe.

"Glodie," alisema. "Glodie mutoto yangu, ni minye. Uko unakula? Huyu Eddy iko anakuchunga? Kule beko na baridi, banasema, uvae muzuri." Hakukiachia kitufe. "Ile siku ya train nilikuya ku stesheni. Mama yako hajue, hakuna muntu anajua. Nilikamata tricot yako ya manjano, ile nguo ya baridi, juu ulisahau kuibeba. Nilikimbia. Nikafika, train ilikuwa ilisha kuenda. Nikarudia ku nyumba, nikaambia bantu unakufa, juu sikuweza kubaambia kama nilichelewa."

Julie alikuwa ameweka mkono mdomoni. Albert alijua kwamba hayo si maneno machache, na kwamba Glodie hakuwa upande wa pili, ila karani mmoja wa Kinshasa mwenye Kiswahili cha sokoni tu, ambaye hangeweza kuandika hata nusu yake. Alinyoosha mkono amwambie. Clémentine akaushika mkono ule akaurudisha chini.

Gaston aliongea na binti yake mpaka akamaliza. Kisha akaachia kitufe, akangoja kujibiwa. Redio ilivuma kwa muda, halafu sauti ya Delphine ikaja, nzito kidogo.

"Bien reçu, papa," alisema. "Nimepokea yote."